Nairobi haizami baharini

Jumapili jioni. Riwaya ya sayansi inayoizamisha Nairobi baharini hainishiki hata kidogo. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na barafu yote duniani ikiyeyuka, bahari itapanda kama mita 70. Mombasa itakwenda, Lamu itakwenda, sisi tutabaki kupokea wakimbizi. (Hiyo nayo ni riwaya, tena bora zaidi.)

Janga linalotufaa kwa riwaya liko Murang'a, kwenye bwawa la Ndakaini, yanakotoka maji yetu mengi. Likijaa hubeba mita za ujazo milioni 70. Mwandishi apige hesabu kabla hajaumba mhusika: tuseme jiji linateka mita za ujazo 400,000 kwa siku na mito haiingizi tone. Bwawa linakauka kwa siku 175, na kabla ya hapo watu watakuwa wanavuta tope. Lakini ukame haukati mito yote kwa mara moja, huipunguza tu. Kwa hiyo akoseshe masika, kisha akoseshe vuli. Hilo si chumvi: kati ya 2020 na 2022 kaskazini mwa Kenya ilikosa misimu mitano mfululizo.

Kuna kosa moja linanikera: umeme unapotea, na papo hapo mifereji yote ya jiji inakauka. Maji ya Ndakaini husafishwa kwenye mtambo wa Ng'ethu, halafu hushuka kwa mteremko hadi matangi ya Gigiri, jijini. Stima ikipotea, anayeumia kwanza ni mpangaji wa orofa ya nane, kwa sababu pampu ya ploti haipandishi maji kwenye tangi la juu. Wa chini bado anachota. Mgogoro mzima unaenea kwenye ngazi za jengo moja.

Halafu mgao wa maji. Wengi huandika kiu wakasahau kipindupindu. Bomba lenye presha, ufa wake huvujisha maji nje. Likikaa tupu wakati wa mgao, ufa uleule hunyonya kilichoko mtaroni. Maji yakirudi, ya mwanzo ndiyo ya kuogopwa: yanatoka kwa mikoromo ya hewa, rangi ya chai, yananuka kidogo. Ushauri ni kuyaacha yamwagike, na ya kunywa kuyachemsha au kuyatia klorini. Ila mwenye watoto watatu na mitungi minne mitupu, foleni ikimsukuma nyuma, hamwagi. Hapo ndipo ningekaa kurasa ishirini.

Mvua ikirudi isije kama ukombozi. Aprili 2024 Mto Mathare ulifurika ukabeba nyumba. Na mtoni maji huja mazito kwa udongo: mtambo unahitaji shabu zaidi kugandisha tope, vichujio vinaziba, uzalishaji unapunguzwa au kusimamishwa. Bwawa linafurika, mfereji haudondoshi kitu, na mwenye mkokoteni anapandisha bei ya mtungi mvua ikimnyeshea.