Jinsi nilivyopata hekta 20 za shamba la jua bila kupigwa mawe

Lubumbashi kila mtu ni fundi wa ardhi. Tamka tu mezani kwamba unatafuta hekta 20 upande wa Kipushi, utasikia: "Ona chef wa kijiji, mpe bahasha, kwisha." Mwingine anakukatiza: "Achana na chef, pita moja kwa moja kadastre, ofisi ya kupima ardhi." Wa tatu ana shemeji yake konservateri, msajili wa hati za ardhi. Ushauri huo wote niliupata bure, na ningeufuata ningekuwa bado nakimbia. Sasa mkataba umesainiwa, mawe ya mipaka yamechimbiwa, na simu haipumziki kwa watu wanaotaka kujua nilifanyaje. Basi someni hapa.

Kampuni ndogo ya umeme wa jua ilitaka kujenga megawati 10 iuzie viwanda vilivyochoshwa na delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu. Hesabu ya mafundi ni karibu hekta 2 kwa megawati moja, ukiweka njia, transfoma na nafasi kati ya mistari ili paneli zisitiliane kivuli. Kabla yangu walimtuma kijana kutoka Kinshasa. Nilimsindikiza kama dereva tu, na nashukuru Mungu sikukosa ile sinema.

Ulikuwa mwezi wa saba, vumbi hadi masikioni. Kijana akashuka na viatu vyenye ncha, projekta na jenereta. Mfumu, ndiye chef wa kijiji, amekaa, yeye amesimama. Wazee wanapiga makofi ya salamu, yeye ananyoosha mkono, na mkono wa pili umeshika simu. Akaanza Kifaransa chake. Ukutani ikatokea picha ya paneli, paneli, paneli hadi upeo wa macho. Mfumu akaitazama, akauliza kwa upole, "Na watu wako wapi?" Kijana akajibu kwa fahari: "Hapo hakuna watu, Mzee. Ni jua peke yake!"

Jenereta ikaendelea kunguruma, hakuna aliyekohoa. Mfumu akasema, "Tumesikia." Mtoto yeyote wa huku anajua kwamba hiyo ni hapana. Kijana akaacha bahasha, akarudi mjini, akaandika kwenye ripoti kwamba chef amekubali. Jeometre, mpima ardhi, alipokwenda kazini, vijana walikuwa wanamsubiri njiani na mawe mkononi. Kioo cha nyuma cha gari hadi leo kimebandikwa skochi.

Ndipo wakanikumbuka dereva.

Kijijini sikwenda kwanza. Nilianza na ramani ya kadastre ya madini, ofisi ya vibali vya madini, kwa sababu Katanga udongo wa juu una mwenyewe na mawe ya chini yana mwenyewe mwingine. Mraba mmoja wa madini ni karibu hekta 85, na upande wetu miraba imeshonana kama mkeka. Eneo la kijana lilikuwa limelala katikati ya kibali cha utafiti cha watu wengine. Benki gani itakopesha paneli ambazo kesho zinaweza kudaiwa na mwenye kutafuta shaba? Nikasogea pembeni kidogo, palipo wazi, bado karibu na laini kubwa ya umeme. Kazi ya asubuhi moja, na hakuna mtaalamu wa mezani aliyeitaja.

Halafu nikasubiri mvua. Wakubwa walikasirika: barabara itaharibika, wawekezaji wanasubiri. Wasubiri. Wakati wa kiangazi shamba lote ni la kila mtu. Orodha ya wenye mashamba iliyoandikwa mwezi wa saba ilijaa watu wanaoishi Katuba na Kenya, mitaa ya Lubumbashi, wengine hawajui hata jembe linashikwa upande gani. Lakini mwezi wa kumi na moja, mvua zikishakaa, kila mtu yuko kwenye mistari yake ya mahindi, na asiyekuwepo hana neno. Nikaingia kwa Mfumu na kasie, yaani kreti, mbili za bia ya Simba na kitenge cha mama wa nyumbani kwake, nikapiga goti na makofi, nikasema: "Mfumu, udongo sijauomba. Naomba mtu wa kunitembeza kwa wanaolima." Akanipa mama mmoja mwembamba, mwenye mdomo mkali kuliko wembe.

Tulitembea shamba kwa shamba. Nikimkuta mtu na jembe, naandika jina na kupiga picha akiwa amesimama kwenye mahindi yake. Tulipokaribia mwisho akatokea mpwa wa ukoo mkubwa, shati limepigwa pasi, anadai robo ya eneo ni yake. Sikubishana. Nikamwomba anionyeshe kichuguu cha mpaka wake. Akanyoosha kidole kwenye kimoja kikubwa kama nyumba. Mama akacheka hadi akashika kiuno: "Baba, kile ni changu! Maboga yale juu yake nani amepanda, wewe?" Maboga yalikuwa yanatambaa pale, mabichi. Shati likarudi mjini kabla ya mvua ya mchana.

Sasa karatasi. Tangu sheria ya 1973 ardhi yote ni ya Leta, yaani serikali. Mfumu hauzi, mwanakijiji hauzi. Lakini kabla Leta haijatoa konsesio ya shambani, yaani haki ya kutumia ardhi yake, afisa wake lazima afanye uchunguzi: nani yuko pale, ana miti gani, anadai nini. Ukianzia kadastre kama walivyonishauri, uchunguzi huo unaandikwa ofisini juu ya chupa, na mawe yanakusubiri palepale. Mimi afisa alipofika, alikuta majina yote tayari na wenyewe wamesimama. Na yule shemeji konservateri? Kwa ardhi ya vijijini sahihi yake inaishia hekta 10. Hapo juu, hadi 200, ni gavana. Kuna mjanja alisema tukate vipande viwili vya 10. Avoka, mwanasheria wa benki, aliposikia, alivua miwani akamtazama tu.

Tulichukua emfiteozi, yaani konsesio ya muda mrefu, miaka 25, inaweza kurudishwa upya. Inaoana vizuri na garanti ya paneli ambayo kwa kawaida nayo ni miaka 25. Ila angalia: sheria inakutaka uendeleze ardhi, kwa hiyo usisaini kabla pesa ya ujenzi haijaonekana.

Na wanakijiji tulibishana hasa juu ya mihogo. Mahindi unayalipa au unayasubiri, yanaisha msimu. Mihogo inakaa mwaka na zaidi ardhini, na kila mama anakuambia yake ndiyo mitamu. Nikasema: chimbeni yenu yote kabla ya uzio, na juu yake mlipwe fidia ya msimu mmoja. Kampuni ikalia, halafu ikapiga hesabu ya kuchelewa, ikanyamaza. Juu ya hapo kuna pesa ya kila mwaka kwa hekta, kwa dola, inayopanda kidogo kidogo. Malipo ya kwanza yalihesabiwa kwa sauti chini ya mwembe, wake na waume wamekaa pamoja, kila mmoja akaweka dole gumba. Usimpe mume bahasha kando. Utailipa mara mbili.

Gharama? Makaratasi yalikula elfu kadhaa za dola, avoka alikula karibu sawa na hizo, bia na mafuta ya gari sikuandika. Bahasha ya kijana wa Kinshasa haikurudi.

Ugomvi uliobaki ni wa majani. Yataota chini ya paneli, na kijiji kinataka mbuzi wake waingie. Mafundi hawataki kusikia mbuzi, wanapanda juu na kutafuna nyaya. Wanasema kondoo sawa. Kondoo pale kijijini hakuna, na mimi nimeshawaambia wote wawili kwamba najua wanapouzwa, ila komisio yangu tuiongee kwanza.