Mama wa Kibirizi: mpangilio umekaa

Mpangilio wa picha ya mama wa Kibirizi umekaa, kwa hiyo naandika nilipofikia kabla sijaingia kwenye rangi.

Oda ni ya binti yake. Mama, ambaye sasa ni marehemu, aliuza dagaa mwaloni Kibirizi miaka mingi. Nilichopewa ni picha moja ya kusafishwa, sentimita 10 kwa 15, iliyopigwa usiku harusini. Flashi imemjaa usoni, pua imelala, kivuli hakuna. Nyuma ni viti vya plastiki, na begani pake kuna mkono wa mtu ambaye mwenyewe haonekani.

"Fundi, naomba umuweke na ziwa nyuma," dada aliniambia. Ombi hilo ndilo lililoamua kila kitu. Kwetu Kigoma ziwa liko magharibi. Ukilipa mgongo jioni, jua linakutokea nyuma na uso unabaki giza. Asubuhi linakuangukia usoni. Na asubuhi ndiyo saa ya mama huyu hasa, maana wavuvi wa dagaa hukesha na taa ziwani na kurudi kunapokucha. Basi ni asubuhi, jua likiwa bado chini, likitokea kushoto kwangu.

Kivuli kilichofutwa na flashi nilikitafuta kwa binti, ambaye amerithi taya la mama yake. Nilimwomba aketi kibarazani asubuhi, kichwa amekigeuza kama kwenye picha, nikachora vivuli peke yake: chini ya nyusi, ubavuni mwa pua, chini ya mdomo, shingoni. Sura yenyewe naitoa kwenye picha tu.

Kanvasi ni sentimita 60 kwa 80. Miraba ya sentimita 1 kwenye picha imekuwa ya sentimita 6 kwenye kanvasi, kwa hiyo katika urefu wa picha natumia sentimita 13 na ushee. Zilizobaki nimezikata juu, palipokuwa na turubai la harusi. Ukilazimisha picha nzima iingie, uso unavutika, na milimita chache tu zinatosha kukupa mtu mwingine.

Mstari wa maji nimeushusha chini ya mabega. Ukipita shingoni unamkata mtu kichwa. Anatazama kulia, hivyo upande huo nimeuachia nafasi zaidi, na milima ya Kongo inaonekana kwa mbali, hafifu.

Kazi iliyonila muda ni bega. Mkono ule ukiondoka, chini yake lazima pawe na kitenge, na kitenge hakilali kama karatasi. Nilimfunga mdogo wangu kitenge vilevile, nikatazama jinsi ua linavyokatika kwenye kunjo na kuendelea upande wa pili likiwa limehama kidogo. Nimelichora hivyo hivyo, limekatika. Bega limepata uzito.

Chini nimepaka kahawia nyembamba iliyochanganywa na tapentaini. Tabaka zenye mafuta zaidi zitafuata juu yake. Kwenye paji na shavu mng'ao hautakuwa mweupe mtupu. Ngozi nyeusi nje hubeba buluu ya anga, na nyeupe tupu huifanya ionekane ina vumbi.

Umebaki mdomo. Dada anataka mama atabasamu, na kwenye picha amefunga midomo. Meno ya marehemu siyabuni, nimemwambia hivyo. Anasema shangazi yake wa Ujiji ana picha ambayo mama anacheka. Ameahidi kuifuata, nami sehemu ya mdomo siigusi hadi niione.