Machozi ya Rachael

Send-off ya binti wa mamdogo imepita salama, kazini tumeletewa bosi mpya, ila mimi kichwani wiki nzima ni maneno ya kaka tu.

Nilimwekea Blade Runner, ile filamu ya Ridley Scott ya 1982, mnajua navyoipenda. Tukafika pale Rachael anamfuata Deckard, msaka replikanti, yaani watu wa kutengenezwa, anamfuata kwake na picha ya utotoni yuko na mama yake, anataka aaminike kwamba ni mtu na sio replikanti. Deckard anaanza kumtajia siri zake za utotoni, buibui wa nje ya dirisha, mwili wa chungwa na miguu ya kijani, kajenga utando kiangazi kizima, na Rachael mwenyewe anamalizia kwamba yai lilipasuka vikatoka vibuibui vikamla mama yao. Ndo anaambiwa kumbukumbu hizo ni za mpwa wa Tyrell, tajiri aliyemtengeneza, yeye kapandikiziwa. Chozi likamtoka.

Kaka akasema, "Sasa analia nini na kumbukumbu zenyewe sio zake?"

Nikamuuliza, "Na machozi je, ya nani?"

"Aa dogo, mashine hiyo." Akarudi kwenye simu.

Basi, hayo tu, lakini nalala nayo naamka nayo. Habari ya baba mnaijua, alifariki hata kutembea sijaanza. Kaka anamkumbuka, mpaka kikohozi chake anakijua. Mimi nina ile picha ya studio, baba na kaunda suti, kaka kasimama pembeni, mimi nimebebwa, kona moja imeliwa na mchwa, na hadithi za shangazi. Harufu ya sigara yake naisikia kabisa na najua nimeipata kwa shangazi. Zote nimepewa, na zinaniliza. Kama ya kupewa haihesabiki basi mimi sina baba, na hilo silikubali, hata aseme kaka niliyemheshimu maisha yangu yote.

Ila mwishoni nilifurahi jamani. Kule juu ya jengo mvua inapiga, Roy, replikanti mwingine, katengenezwa Januari 2016, kapewa miaka minne tu na inaisha, kajichoma msumari kiganjani ili mkono usife ganzi, halafu anamdaka huyohuyo Deckard aliyetumwa kumuua. Kaka akaweka simu chini. "Rudisha hapo." Nikarudisha. Nikamwambia maneno ya mwisho ya Roy, Rutger Hauer aliyemuigiza aliyapunguza mwenyewe akaongeza yale ya machozi kwenye mvua, na amefariki 2019, mwaka uleule wa kwenye filamu. Wala hakunisikia, anauliza tu, "Kwa nini asimwache adondoke?" Akarudia tena wakati anavaa viatu. Kaka yangu, anaiuliza mashine kwa nini!

Sijui nimwambie lile la baba au niliache. Na kesho bosi mpya anakagua stoo, kuna magunia kwenye daftari yapo na chini hayapo, na funguo ninazo mimi.