Mgeni wa siku ya tatu

Dodoma, Jumapili usiku

Jumatano darasani mwalimu alituchorea ubaoni mchoro wa ukinzani wa umeme ardhini. Mstari unapanda, unashuka ghafla, kisha unapanda tena. Akauliza, "Kisima mngechimba wapi?" Darasa zima likaitikia: pale uliposhuka. Ndivyo tulivyofundishwa. Mwamba mkavu hukataa umeme, mwamba wenye maji huupitisha, basi wewe fuata bonde la mchoro.

Nikanyoosha mkono. Nikasema kama ni upande wa Bahi, mimi nisingepeleka mtambo kabla ya kuonja maji ya visima vya jirani, maana maji ya chumvi nayo hupitisha umeme, tena kuliko haya mazuri. Udongo wa mfinyanzi pia hudanganya hivyo hivyo. Mwalimu akanitazama juu ya miwani. "Umesoma wapi hilo?"

Sikusoma popote. Nilisimama pembeni watu wakichimba mahali nilipopaonyesha mimi kwa kidole changu, na maji yalipotoka fundi akakinga kwa kiganja, akaonja, akatema. "Haya binti," akasema, "tumewapatia mbuzi maji." Mbuzi wenyewe walinusa wakaenda zao.

Nimerudi chuo mwezi uliopita. Wenzangu nilioanza nao wameshahitimu, nimeona majoho yao kwenye simu siku nzima ya mahafali, na mimi sasa nakaa na wadogo wanaoniita dada. Nimeona niandike kuhusu ule mwaka kabla haujafifia, hasa kwa kuwa nikiulizwa huwa najibu kwa mkato: "Nilikuwa kazini." Ukweli ni kwamba niliahirisha masomo kwa sababu ada haikupatikana. Mkopo niliopewa haukutosha, biashara ya baba ilikuwa imelala, na mama aliposikia neno "kuahirisha" alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani salio limekatika.

Nilikuwa nimemaliza fildi, yaani mafunzo ya vitendo kazini, Septemba, wiki nane kama wengine wote, kwenye kampuni moja ndogo ya kuchimba visima hapa mjini. Waliposikia nimekwama wakaniambia nibaki, watanipa posho kidogo na chakula tukiwa porini. Sikujua kama ni bahati au ni huruma. Nikabaki mwaka mzima.

Kuhusu hizo wiki nane za kwanza nina mengi ya kusema, na si yote mazuri. Kila aliyepita fildi anaijua siri ya logibuku, lile daftari la kuandika ulichofanya kila siku: unaijaza usiku wa kuamkia kurudisha, kalamu mbili tofauti ili ionekane ni siku tofauti. "Leo nilishiriki." "Leo nilisaidia." "Leo nilijifunza." Yangu ilipata alama nzuri sana. Nilichofanya hasa ni kutoa kopi, kununua vocha, kushika mwavuli wakati mhandisi anasoma mashine, na kupiga picha nimevaa kofia ngumu. Wala siwalaumu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na mwanafunzi wa fildi ni mgeni ambaye siku zake mbili zinaisha kabla jembe halijashushwa kutoka darini. Nani apoteze muda kumfundisha mtu ambaye keshokutwa anaondoka? Wiki ya tisa, nilipotokea tena ofisini Jumatatu asubuhi, fundi aliniangalia akacheka. "Kumbe hujaenda?" Siku hiyo hiyo alinikabidhi dipa, ule utepe wa kupimia kina cha maji unaolia ukigusa maji. Kwa wiki nane zote hakuniruhusu hata kuukunja.

Binamu yangu anasoma Uingereza, na nilipomsimulia hakuona ajabu. Huko kozi nyingi zina mwaka kama huo ndani ya ratiba: shahada ya miaka mitatu inakuwa minne, mmoja unaukalia kazini, na pale England chuo hakiruhusiwi kukutoza zaidi ya asilimia 20 ya kiwango cha juu cha ada kwa mwaka huo. Nikapekua zaidi nikakuta Marekani walianza zamani. Mwaka 1906, Herman Schneider wa Chuo Kikuu cha Cincinnati aliwaweka wanafunzi wake wa uhandisi kwa zamu, kipindi darasani, kipindi kiwandani. Nilimwonea binamu wivu kidogo. Mwaka wake una jina na unahesabika. Wangu kwenye karatasi za chuo unasomeka "ameahirisha", neno lile lile analoandikiwa mgonjwa.

Lakini nilichotaka kuandika hasa ni habari ya kisima cha Chamwino.

Ilikuwa Machi, mvua bado zipo. Kisima cha kijiji, mita 90, kimeshachimbwa na kuvishwa bomba, kimebaki kupimwa uwezo. Kupima uwezo ni kazi ya kuchosha kuliko zote. Unawasha pampu, unatega ndoo ya lita 20 na saa mkononi, na unaposhusha dipa unaandika kina cha maji dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu kila baada ya tano, kumi, nusu saa, saa, usiku kucha, mbu na baridi juu yako. Kabla ya kuwasha, maji yalikuwa mita 27 kutoka juu. Ndoo ilijaa kwa sekunde 18, maana yake lita 4,000 kwa saa. Kwa kijiji kile ilikuwa sherehe. Akina mama walikuja na madumu usiku wa manane kushuhudia tu.

Kipimo kilitakiwa kiende saa 24. Saa ya kumi na mbili dizeli ya jenereta ikaanza kuisha. Dukani palikuwa mbali na barabara ilikuwa tope. Nikaangalia daftari langu: maji yameshuka hadi mita 41 na kwa saa mbili hayajasogea. Mstari umelala kabisa. Nikasema inatosha. Mkubwa wangu alipopigiwa simu naye akasema inatosha. Ripoti niliiandika mimi, ikapendekeza pampu ya lita 4,000 kwa saa, nikapiga na picha ya jalada. Ripoti yangu ya kwanza! Nilimtumia mama.

Kama ningekuwa wa fildi, hadithi ingeishia hapo. Ningerudi chuo na kisima kimoja kizuri kwenye wasifu wangu, na hadi leo ningekuwa najisifu nacho.

Mwishoni mwa Septemba simu ikaita. Mama mweka hazina wa kamati ya maji, ambaye namba yangu aliichukua usiku ule wa madumu. Hakulalamika. Aliniamkua, akaniuliza wazazi, kazi, afya, halafu kwa upole: "Mwanangu, pampu yako inakohoa."

Pampu yako. Neno hilo nililala nalo.

Tulipofika tulikuta maji yamesimama mita 34 kabla hata ya kuwasha. Tukawasha. Yakashuka polepole mpaka 48, na hapo ni kama mtu aliyevuta zulia: dakika chache tu yamefika kwenye pampu, bomba linatoa upepo na mapovu. Fundi hakusema kitu. Alikwenda kwenye gari, akarudi na daftari la uchimbaji lililochakaa, akaniwekea kidole kwenye mstari mmoja. Mita 48: ufa mkubwa, maji mengi. Mwandiko ulikuwa wangu.

Ndipo nikaelewa, na sidhani kama kuna ubao ungenielewesha vile. Miamba yetu ya hapa kati ni migumu, haina maji mwilini, maji hupita kwenye nyufa. Kisima kile kilikuwa kinaishi kwa ufa mmoja. Machi, mvua zikiwa zimejaza ardhi, maji yalishuka hadi 41 yakatulia juu ya ufa, na mimi nikadhani hiyo ndiyo tabia yake. Dodoma mvua ni msimu mmoja, Desemba hadi Aprili kama Mungu amependa, halafu miezi yote iliyobaki ni kukopa. Mimi nilikipima kisima siku ya mshahara.

Suluhisho halikuwa kubwa. Tulibana valvu mpaka ndoo ikawa inajaa kwa sekunde 30, yaani lita 2,400 kwa saa, tukagawa saa za kusukuma, alfajiri na jioni, katikati kisima kipumzike. Maji yakatulia mita 45. Kijiji kikapata maji pungufu ya niliyowaahidi. Niliomba niwaeleze mwenyewe pale chini ya mbuyu, na kwa kuwa Kigogo changu kinaishia kwenye salamu ya "mbukwenyi", mama mweka hazina akanitafsiria. Mzee mmoja aliuliza kwa nini hatukuja kupima kiangazi. Swali zuri. Kwa sababu kazi ilipatikana Machi, na malipo yalitolewa kwa kufika Machi. Jibu hilo sikulitoa.

Sitaki kuupamba mwaka huo. Kulala hema moja ya peke yangu kati ya wanaume saba kulikuwa na maudhi yake, na choo cha kichakani kwa msichana porini ni mada ambayo hakuna logibuku inayoiuliza. Posho ilichelewa mara nyingi kuliko ilivyowahi. Kuna wiki nilizokula ugali wa uwele na mlenda mchana na usiku (mlenda sasa naupenda, lakini mapenzi hayo yalilazimishwa). Na hesabu zimenitoka kichwani. Mtihani wa majaribio wa wiki iliyopita nimepata alama ambazo mama hatatumiwa. Mwenye ada yake kamili asijitie kuahirisha kwa sababu amesoma hapa.

Ila mwalimu akichora mstari ubaoni siuoni mstari. Naona ni mwezi gani umepimwa, nani alikuwa na usingizi, na dizeli ilibaki kiasi gani.

Siku ya mwisho fundi alitengeneza kamba yenye alama kila nusu mita, mwishoni akafunga nati nzito yenye tundu ambayo ikigusa maji hutoa mlio, "pwo". Tukampelekea mama mweka hazina. Kila Jumamosi anaishusha kwenye kibomba cha kupimia kabla ya kuwasha pampu, ananitumia ujumbe. Ninaandika kwenye daftari lile lile, ukurasa baada ya zile saa kumi na mbili. Novemba yote ilikuwa 34, 34 na nusu, 34 na nusu.

Jana mvua ya kwanza ilinyesha hapa Ng'ong'ona, vumbi likatulia. Usiku ujumbe ukaingia: "Huku wingu tu. 35. Soma mwanangu."