Daktari wa Usingizi kwa Mgonjwa Asiyelala

Jumapili, Dar es Salaam

Mkanda wa jeshi ulimtoka mama kabla ya Ramadhani, upande wa kushoto, kuanzia chini ya titi hadi mgongoni. Malengelenge yakakauka, magamba yakadondoka, na kila aliyekuja kumjulia hali akasema alhamdulillahi, umepona. Maumivu yenyewe hayakupata taarifa hiyo. Mpaka leo khanga ikimgusa pale anaruka. Anashinda na dera pana, usiku analalia ubavu mmoja, nami chumba cha pili namsikia akijigeuza.

Kumtafutia daktari kumenionyesha kwamba maumivu hayana mwenyewe hospitalini. Wa ngozi kaitazama ngozi: safi. Wa mifupa katazama picha ya uti wa mgongo: uzee wa kawaida. Wa presha kapandisha dozi ya presha. Wote wamesema kweli, kila mmoja kwenye eneo lake, na mama karudi nyumbani na ubavu wake unaowaka.

Nilichokuja kuelewa ni hiki: kirusi kinacholeta mkanda wa jeshi ndicho kile cha tetekuwanga ya utotoni. Hakiondoki, kinajificha kwenye mishipa ya fahamu miaka na miaka, kisha kinaamka kinga inapopungua. Kikishatulia tena, mshipa unaweza kubaki umeumia, ukawa unapiga kelele bila kidonda. Ndiyo maana sindano za diklofenaki, ambazo huku kwetu ni jibu la kila kiungo, hazikumsaidia. Zile ni za uvimbe. Kwa mtu mzima mwenye presha zinaweza kuipandisha zaidi, zikaumiza figo na tumbo, na jirani yetu anayezisifu hana habari.

Kuna kliniki moja ya binafsi tulipitia, ya kupendeza, kiyoyozi na runinga ukutani. Mapokezi wakanitajia bei ya kifurushi cha sindano za mgongo kabla hajatokea mtu wa kumuuliza mama anaumwa wapi. Nilipomuuliza daktari sindano hiyo inalenga mshipa upi, na isipofanya kazi tutafuata njia gani, akaniambia wagonjwa wake wote wanapona. Nikambeba mama tukaaga. Daktari wa maumivu ambaye hajawahi kushindwa, ama kaanza kazi juzi ama hapokei simu za waliorudi nyumbani wakiumwa.

Aliyetuelekeza vizuri ni muuguzi mstaafu wa mtaani kwetu: tafuteni daktari wa ganzi na usingizi anayeshughulika na maumivu sugu. Mama akashtuka. "Usingizi? Kwani napasuliwa?"

Ikabidi nimweleze kwamba hao ndio wanaozijua njia za mishipa ya fahamu, kwa kuwa kazi yao ya kila siku ni kuizima na kuiwasha. Hata taaluma hii ya maumivu imetokana sana nao. John Bonica, Mwitaliano aliyekulia Marekani, alikuwa daktari wa usingizi katika hospitali ya jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kule alikutana na askari ambao maumivu yao hayakuisha kwa matibabu ya kawaida, akaanza kuwakutanisha madaktari wa fani mbalimbali wamjadili mgonjwa mmoja. Mwaka 1973 akaongoza kuundwa kwa chama cha kimataifa cha wanaochunguza maumivu. Na kabla ya hapo alikuwa akilipwa kucheza mieleka, na mwili wake ulimuuma hadi uzeeni. Hapo mama akalegea. "Wa mieleka atakuwa anajua kuumia."

Kabla ya kwenda nilihakikisha jina la daktari limo kwenye daftari la Baraza la Madaktari Tanganyika. Mafunzo ya ziada ya maumivu nilimuuliza mwenyewe ana kwa ana aliyapata wapi. Hakununa, akajibu.

Lakini nilikuwa nimeshaanza kumwamini kabla ya hapo. Alisimama, "Shikamoo mama," akavuta kiti karibu, na swali la kwanza halikuwa maumivu ni mangapi kati ya sifuri na kumi. Aliuliza, "Mama, tangu yaanze umeacha kufanya nini?" Mama akaeleza: hakai tena kusuka ukili, maji ya kuoga yakimwagikia ubavuni anapiga kelele, harusi haendi. Ndipo daktari akachukua pamba, akaipitisha kwa wepesi kulia, kisha kushoto. Kushoto mama alimshika mkono.

Namba ilikuja baadaye. "Kumi ndiyo kujifungua?" mama akauliza. "Basi hii saba. Ila kujifungua kuna mwisho."

Aliuliza kuhusu choo, mkojo, kizunguzungu, kama amewahi kuanguka. Akaagiza kreatinini, kipimo cha damu cha kuangalia figo, na kipimo cha umeme wa moyo kabla ya kuandika amitriptilini, dozi ndogo ya usiku, ya kupandishwa taratibu. Akamwambia waziwazi kwamba kwa dozi kubwa dawa hiyo hutibu sonona, asije akaambiwa mtaani kapewa dawa ya wendawazimu. Itamkausha mdomo, huenda ikamlevya asubuhi, kwa hiyo asiinuke kitandani kwa haraka. Isipofaa ipo gabapentini, nayo hupimwa kwa hali ya figo, ndiyo sababu ya ile kreatinini. Sindano ya kuzuia mshipa aliitaja mwishoni, kwa maneno ya "huenda".

"Siahidi kuyamaliza," akasema. "Yakipungua nusu, ukalala na ukavaa khanga, nitafurahi."

Kaka yangu aliyeko Muscat kaupokea vibaya huo "nusu". Anataka apelekwe India, ananitumia sauti ndefu ndefu usiku. Mimi nina barua ya daktari, ukurasa mmoja: dozi, namna ya kuipandisha, dalili za kuisimamisha, kwa ajili ya tabibu wa Tanga atakayemwangalia mama akirudi kwake. Nikampigia kaka simu, nikampa mama waongee wenyewe. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Hiyo nauli ya India, baba, nitumie ya Tanga kwanza."