Siku niliyoliona pagale la miaka 300

Desemba 2018 nilikuwa Bonn, Ujerumani, kwenye kozi fupi, sasa jumamosi moja kaka wa Moshi anaeishi huko akaniambia we usirudi Bongo hujaliona kanisa la Köln, treni yenyewe nusu saa tu. Mi akili yangu ilikuwa kwenye viatu vya kupelekea watoto, ila nikaenda.

Ukitoka stesheni tu, hilo hapo. Kichwani nilikuwa na St. Joseph ya pale karibu na feri Dar, si nayo walijenga Wajerumani na kale kamnara kake kamechongoka, nikajua ntakuta dada yake. Duh. Minara miwili, mita 157, mawe meusi kama sufuria la kuni, na nakshi mpaka huko juu ambako hakuna binadamu anaeziona. Nikainua kichwa kofia ikadondoka, nikaiokota nikaivaa nikaingia nayo, ndo kosa lenyewe.

Mlangoni kasimama mzee kavaa joho jekundu mpaka miguuni. Mimi mtoto wa Kikatoliki najua joho jekundu ni kardinali, basi nikainama natafuta mkono nibusu pete, mzee wa watu ananionyeshea kichwani tu: kofia! Kumbe ni mlinzi, wako kadhaa humo wamevaa hivyo hivyo. Yule kaka alienda kumalizia kicheko nyuma ya nguzo.

Kuna dirisha kubwa la msanii Gerhard Richter la 2007, vioo vya mraba zaidi ya 11,000 vya rangi 72, hakuna mtakatifu wala malaika, rangi tu. Jua lilitoka kidogo sakafu ikawa kama duka la khanga Kariakoo. Watu wote selfi hapo. Mimi kilichonishika ni msalaba wa mti wa mwaloni, wa Gero wanauita, una miaka kama 1,000. Yesu wa pale kwetu kigangoni hata msalabani anapendeza, huyu kafa kweli. Macho yamefumba, kichwa kimeangukia kifuani, ngozi ya mikono imevutika, tumbo limetuna kwa chini. Aliyechonga alishawahi kukaa na maiti, mi ndo naamini hivyo.

Alafu kaka akanipa stori ya jengo lenyewe. Walianza 1248, wakajenga weee, miaka ya 1500 hela na hamu vikaisha, wakaacha. Mnara mmoja umeishia kati na winchi ya mbao ikabaki juu yake karne na karne, watu wanazaliwa wanazeeka wanaiona ipo tu. Karibu miaka 300 ni pagale! Mwaka 1814 ikapatikana nusu ya ramani ya zamani kule Darmstadt, kwenye dari, nusu ya pili ikaonekana Paris, 1842 wakarudi saiti, 1880 wakamaliza kwa kufuata ramani ile ile.

Hapo nikamkumbuka baba. Nyumba yake Kibaha ilisimama kwenye linta mwaka 2003, mpapai umeota sebuleni na sasa unazaa, na ramani anayo kaikunja kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, ukigusa mada hiyo anaitoa anakuonyesha choo cha ndani kitakaa wapi.

Tukapanda mnara, ngazi 533, nimefika juu magoti yanacheza na upepo unakata masikio. Nikapiga video simu nyumbani, akapokea mama. Shikamoo, marahaba, nikamzungushia simu aone mto Rhine, nikamweleza yote, winchi, miaka 300, ramani ya darini.

Mama kanyamaza kidogo, alafu akapunguza sauti: "Mwanangu, baba yako yupo hapo nje. Hiyo habari usimwambie kabisa."