Siku moja maishani mwangu: natibu miti ya majumbani Mwanza

Saa 11:30 alfajiri

Naishi Buswelu, na kabla ya kwenda kwa watu namalizana kwanza na kitalu changu. Ni Novemba, vuli imeshashika, kwa hiyo miche iliyoko kwenye viriba haihitaji maji mengi kama mwezi uliopita. Nadidimiza kidole kwenye kiriba hadi kiungo cha pili. Kidole kikitoka na udongo ulioganda, kiriba hicho nakiruka. Namwagilia alfajiri, tena chini kwenye shina, kwa sababu jani linalolala limelowa ndilo linalokaribisha bakajani, ugonjwa wa mabaka ya majani.

Kisha napanga mkoba: mkasi wa kupogolea, msumeno mdogo, sururu ya mkono, lenzi ya kukuzia, na chupa ya spiriti ya kufutia vyuma kila nikitoka mti mmoja kwenda mwingine. Dawa ya wadudu sibebi. Wateja wapya hushangaa, maana wengi hutegemea nishuke kwenye bodaboda na bomba la kupulizia mgongoni. Lakini kwenye nyumba za mji huu, mara nyingi mti unaumwa na kitu kilichofanyika uani: saruji, kifusi, pevingi, karo la maji machafu. Mwanza inajengwa kila siku, kila kilima kinachongwa, na miti iliyokuwepo kabla ya nyumba ndiyo inayoumia.

Saa 2:15 asubuhi, Isamilo

"Mwangaluka, mayu." Namwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mwanangu. Karibu, mgonjwa wako huyo hapo."

Mgonjwa ni mlimau uliofika usawa wa dirisha. Majani ya chini ni kijani kizuri. Ya juu, yale machanga, ni ya njano, ila mishipa yake imebaki kijani. Mama ameshaweka urea, haikusaidia. Jirani akamshauri amwage majivu, akamwaga, hali ikazidi.

Nikamuuliza ukuta ulio nyuma ya mlimau umejengwa lini. Mwaka jana, mwezi wa sita. Na mafundi walikuwa wakikorogea wapi zege? Akafikiri kidogo, akaonyesha kwa kidevu: hapo hapo, kivulini.

Nikachimbua sehemu ya upana wa sahani. Chini ya udongo mweusi kulikuwa na gamba la kijivu, gumu, unene wa kidole. Nikachuma limau moja kwenye mti huohuo, nikalikata, nikalikamulia juu ya gamba. Mapovu madogo yakaanza kutoka, na ukisogeza sikio ulisikia yakichachatika. Mjukuu wa mama akaomba limau la pili akamulie mwenyewe.

Saruji imejaa chokaa. Maji ya kuoshea ndoo na makarai yakimwagwa shinani, udongo unapoteza uchachu wake (pH inapanda), na udongo wa hivyo hufungia madini ya chuma na zinki. Yapo, lakini mizizi haiwezi kuyanyonya. Ndani ya mti chuma hakihami kutoka jani la zamani kwenda jani jipya, ndiyo maana njano ilianzia juu. Mti ungekuwa na njaa ya naitrojeni, majani ya chini ndiyo yangetangulia kupauka, kwa kuwa naitrojeni huhama kufuata machipukizi. Hili ningependa kila mwenye bustani alijue: ukiona njano, kabla ya kukimbilia duka la pembejeo, tazama ni jani la zamani au changa. Majivu nayo hupandisha pH, kwa hiyo ushauri wa jirani ulikuwa wa nia njema lakini uliongeza tatizo.

Tulivunja gamba kipande kwa kipande na kulitoa lote hadi mwisho wa kivuli cha mti, nikipita taratibu kando ya mizizi minene. Tukarudishia mboji iliyoiva na kutandaza nyasi kavu juu, tukaacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina lisiguswe na unyevu. Nimemwandikia anunue mbolea ya majani yenye chuma na zinki, apulizie machipukizi jioni, na salfa ya unga kidogo ya kushusha pH ya udongo. Majani yaliyokwisha kuwa njano huenda yasirudi vizuri. Kipimo ni yale yatakayochipua baadaye.

Saa 4:30 asubuhi, Capri Point

Hapa mwembe hauna ugonjwa wowote. Ni embe zenyewe zina funza. Kijana anayetunza bustani amenilalamikia kwamba wamepulizia dawa na bado kila embe likipasuliwa lina funza wa nzi wa matunda.

Nzi huyu asili yake ni Asia. Aligunduliwa Kenya mwaka 2003, na mwaka huohuo akaonekana Tanzania. Jike hutoboa ngozi ya embe na kutaga ndani, kwa hiyo dawa inayokaa juu ya ganda haimfikii funza. Funza akishakua hutoka kwenye tunda, huingia ardhini, na huko ndiko anakogeuka kuwa nzi. Nilipochungulia nyuma ya mwembe nikakuta rundo la embe zilizooza, zimefagiliwa vizuri na kuwekwa pembeni zisubiri gari la taka. Rundo hilo ndilo linalozalisha nzi wa uani.

"Mdogo wangu, hizi usiziweke chini hata siku moja."

Tumekubaliana hivi: kila asubuhi aokote zote zilizoanguka, azitie kwenye mfuko mweusi wa plastiki, aufunge sana na kuuanika juani siku kadhaa mpaka funza wafe. Akipenda kufukia, shimo liwe la kina cha goti na zaidi. Ziwekwe mitego yenye kivutio, huku akijua kwamba kivutio kinachouzwa sana huvuta madume peke yake, hivyo peke yake haitoshi. Embe zichumwe zikikomaa, zikiwa bado kijani, ziivie ndani. Na lazima aongee na wenzake wa nyumba za jirani, kwa sababu nzi wa geti la pili hasubiri kualikwa.

Saa 7 mchana, Mkolani

Ugali, sato wa kukaanga na mlenda kwa mama ntilie. Nikila napitia picha nilizotumiwa kwenye simu. Karibu zote ni picha ya jani moja limeshikwa kwa vidole viwili. Nawajibu wote maneno yaleyale: nitumie picha ya mti mzima, picha ya shina pale linapoingia ardhini, na picha ya kilichopo hatua tatu pembeni yake.

Saa 8:20 mchana, Luchelele

Safari hii niliiogopa tangu jana. Mzee mmoja mstaafu ana miparachichi minne aliyoipanda alipohamia, na miwili ya upande wa ziwani imekauka kutoka ncha za matawi kushuka chini. Majani yamekuwa madogo, yamepauka, yamelegea hata asubuhi ya mawingu. Mzee kila siku anaiongezea maji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Niambie ukweli, usinifiche."

Ukweli ulikuwa chini. Nilichimba shimo pembeni ya mti wa kwanza, na kabla sijafika kina cha mkono hadi kiwiko, maji yalianza kuchuruzika kutoka ukutani mwa shimo. Nikavuta mzizi mwembamba: mweusi, laini, ganda likavuliwa na vidole likabaki uzi wa katikati. Ulinuka uozo. Mizizi inayolisha mparachichi hukaa karibu na uso wa ardhi na inahitaji hewa. Udongo ukijaa maji, hewa inakwisha, na vimelea vya Phytophthora, vinavyoozesha mizizi, vinaogelea kutoka mzizi hadi mzizi. Mti ulionyauka kwa kukosa mizizi unafanana kabisa na ulionyauka kwa kiu, ndiyo maana watu wanaumwagilia hadi unakufa.

Ziwa Victoria lilipanda sana mwaka 2020, likapanda tena 2024, na maji ya ardhini kwenye viwanja vya bondeni yakapanda nalo. Wengi waliona maji yaliyofika kwenye magati na mialo. Yaliyopanda chini ya bustani hawakuyaona.

Nilimwambia mzee kwamba miwili ile haiponi. Alikaa kwenye kigoda, akanyamaza, kisha akauliza kama aing'oe au aikate. Aing'oe, mizizi yote itoke na ichomwe mbali na miwili iliyobaki. Hiyo ya juu tunaweza kuipigania: aache kumwagilia kabisa msimu huu wa mvua, achimbe mfereji wa kukinga maji yanayotoka paa la banda, atandaze matandazo mazito bila kugusa shina. Jembe lililofanya kazi chini kwa miti iliyokufa lisipande juu kabla halijaoshwa na kukauka. Akipanda mparachichi mwingine, aupande juu ya tuta pana lililoinuliwa, kamwe asichimbe shimo bondeni. Kwa eneo lenye maji nimemshauri mpera na mzambarau, miti inayovumilia miguu kulowa.

Kuna jambo jingine tuliongea, nami sikumbembeleza. Chini ya bustani yake kuna ukanda wa mafunjo na matete, na alitaka kuufyeka apate kuliona ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Hata pasingekuwa na sheria, mafunjo yale ndiyo yanayoshika udongo wa kiwanja chake mvua inaponyesha. Amekubali kuyaacha.

Saa 10:15 jioni, Mabatini

Nyanya kwenye ndoo, kwa dada anayeuza vitenge. Matunda yameoza kitako: doa jeusi lililobonyea, kavu, upande usio na kikonyo. Hakuna ugonjwa wa kuambukiza hapa. Kalsiamu haifiki kwenye tunda kwa sababu ndoo inakauka kutwa kisha inafurikishwa usiku akirudi kazini. Tumetoboa matundu zaidi chini, tumeweka matandazo, na mwanaye mkubwa amepewa kazi ya kumwagilia kikombe asubuhi na kikombe mchana. Sukuma wiki zake zina vidukari upande wa chini wa majani. Kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, apulizie chini ya jani jioni, asubuhi asuuze. Nimetoka ndani ya nusu saa.

Saa 11:10 jioni, mlimani Igogo

Mwembe mkubwa ambao watoto wa mtaa mzima wanauita wa kwao. Mwenye nyumba ya juu alichonga mlima kusawazisha kiwanja, na udongo wote ukashushwa hadi kwenye shina. Mti uliokuwa na kitako kipana sasa unaingia ardhini ukiwa mnyoofu kama nguzo ya umeme. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza ninayoitafuta kwa kila mti: shina lenye afya hutanuka linapokutana na ardhi. Lisipotanuka, limezikwa.

Gome la shina halikuumbwa kukaa ndani ya udongo wenye unyevu. Linaoza polepole, na mizizi ya chini inakosa hewa kwa uzito wa kifusi. Mti hausemi mwaka huo. Mwenye nyumba alihamia, akapiga rangi, akasahau, na sasa matawi ya juu yanavua majani, watu wanasema umerogwa au umezeeka.

Vijana watatu wa mtaani walinisaidia. Tulitoa kifusi kwa koleo hadi karibu na shina, halafu nikawaambia waweke koleo chini, tukaendelea kwa mikono. Mbali chini tukakuta gome la zamani, lenye unyevu, na pembeni pakiwa na mizizi mipya myembamba iliyojaribu kupanda juu kutafuta hewa. Upande wa mashariki gome lilikuwa limeoza, nikalikwangua hadi kwenye ubao mkavu na kuliacha wazi lipigwe upepo. Upande wa magharibi ni mzima. Nilipolikwaruza kidogo kwa ukucha, chini yake palikuwa kijani. Kijana mmoja akalikwaruza na yeye kuhakikisha.

Tumejenga kisima cha mawe kuzunguka shina, mawe makavu bila saruji, kifusi kisirudi, tukaacha mkondo upande wa bondeni ili maji yasituame humo. Matawi makavu nitarudi kuyakata mvua zikipungua, nje kidogo ya kola, ule uvimbe pale tawi linapotokea shinani, bila kupaka rangi wala lami juu ya kidonda.

Saa 2 usiku, nyumbani

Simu kutoka kwa fundi mkuu wa nyumba moja inayoanza kujengwa Nyegezi. Kiwanja kina mti wa mkungu na miembe miwili, mwenye kiwanja anataka ibaki, na fundi anauliza afanye nini kabla lori la mchanga halijafika kesho. Nikamwambia achukue nguzo na kamba, azungushie kila mti pale kivuli cha matawi kinapoishia, na ndani ya kamba asiingie mtu na tofali. Sehemu ya kukorogea zege iwe upande wa chini wa mteremko kuliko miti. Maji ya kuoshea vifaa yaende kwenye shimo lake. Udongo wa msingi usimwagwe shinani hata kwa siku moja, na bomba la maji lipitishwe nje ya kamba, hata kama litazunguka.

"Dada, kamba iwe mbali hivyo? Vijana watalalamika."

"Walalamike, kaka. Nitakuwepo hapo saa 1 asubuhi, tuzifunge pamoja."